Ukurasa wa Ishirini

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia natia wino vibonzo, nao hunijibu, "Aa, kwa hiyo unafuatisha tu." Nimezoea, lakini sijapenda. Mchoraji anachora kwa penseli, ndiyo, na mimi napita juu ya penseli yake kwa kalamu ya kuchovya, kisha naifuta penseli. Lakini unachokiona kwenye gazeti, kila ukope na kila kivuli cha mlango, ni mkono wangu. Kama ni kufuatisha, kaa wewe ufuatishe tukuone.

Hadithi niliyoitia wino maisha yangu yote ni moja, ya Bwana Nusu Saa, fundi wa saa anayeweza kurudisha muda nyuma kwa nusu saa na si dakika zaidi. Kaka yangu ndiye aliyembuni na kumchora. Kaka alikuwa na mkono mzito. Aliikandamiza penseli kana kwamba karatasi imemtukana, na meza yake ilijaa mikwaruzo, kwa hiyo kila alipochora alitandika karatasi mbili, ya juu ya kuchorea na ya chini ya kulalia. Ile ya chini ilibaki haina doa, na kaka hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliirudisha kabatini pamoja na karatasi nyingine safi.

Alifia mezani, saa nne asubuhi, penseli mkononi. Nilikuwa chumba hichohicho, nimempa mgongo, namlalamikia kwamba vidole vya watu wake vinafanana na ndizi. Nililalamika dakika kumi nzima kabla sijagundua kwamba hanijibu.

Aliacha binti wa miaka kumi na mmoja, na hadithi ikafa pamoja na kaka. Mtoto nikamchukua mimi. Mtoto wa kaka ni wako, na mimi sikujaliwa mwingine. Sasa ana miaka ishirini, na mkono wa baba yake kaurithi wote, ila vidole anavijua. Mwaka jana Mhariri alipoamua kumfufua Bwana Nusu Saa, yeye ndiye aliyepewa kuchora. Ofisini wanamwita Penseli. Karatasi nzito kama zile za zamani hazipatikani tena siku hizi, kwa hiyo tulifungua kabati la marehemu tukaanza kuzitumia zake.

Sasa nikueleze kosa ambalo huwezi kulijua kama hujawahi kushika kalamu hii. Ncha yake ni chuma chembamba. Ikikuta kijifereji kwenye karatasi, hata kile ambacho jicho halikioni, inaingia na kukifuata. Haiulizi. Na ukiwa unatia wino umati wa watu walio mbali, ambao mchoraji amewawekea viduara tu na kukuachia uwajaze mwenyewe, mkono unakwenda peke yake huku akili iko kwenye nguo ulizoloweka nyumbani. Unamaliza, unafuta, unapeleka. Nani ataangalia watu wa nyuma?

Mashabiki wataangalia. Wetu wanajiita Wanusu, na hawana dogo. Mmoja aliwahi kutuandikia kwamba koti la fundi lina vifungo vitano kwenye toleo la saba na sita kwenye la nane, akatutaka tuombe radhi. Hao ndio waliomwona kwanza. Waliandika kwamba katika kila ukurasa, nyuma ya watu, yupo msichana mmoja, yuleyule, na kila ukurasa anazidi kusogea mbele. Wakampa jina Mpita Njia. Wakaanza kubishana ni nani.

Mhariri alikuja chumbani kwangu meno thelathini na mawili nje. "Bibi Wino, mna mhusika mpya hamniambii? Barua zimejaa."

"Muulize Penseli," nikasema.

Penseli akainua kichwa. "Mimi? Mimi sijachora mtu pale, Shangazi. Nilijua ni wewe umejiongezea."

Nilijitia hamnazo mpaka Mhariri akaondoka. Kisha nikazitandaza kurasa zote sakafuni, nikapiga magoti na lile goti langu bovu, nikamtafuta huyo msichana. Sitasema anafanana na Penseli. Alikuwa ni Penseli. Kwenye ukurasa wa tano amevaa miwani, na ukurasa ule niliutia wino miezi miwili kabla daktari wa macho hajampa miwani. Kwenye wa tisa amefungwa kitambaa kidoleni. Alijikata na wembe wa kuchongea penseli wiki moja baada ya sisi kuchapisha. Kwenye wa kumi na nne, ulio wa mwisho, amejitanda mtandio wenye pindo la maua, nao rafiki yake alimletea zawadi jana yake, wa kijani, nikiwepo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga hawakusema lolote kuhusu linalochorwa.

Nilichukua karatasi zilizobaki kabatini na penseli laini, nikailaza ubavu na kupaka juujuu, jinsi watoto wanavyopaka juu ya sarafu. Vijifereji vikajitokeza vyeupe. Tano kati ya hizo zilikuwa na msichana huyohuyo, na mkono uliokandamiza vile ulikuwa wa mtu mmoja tu duniani. Kaka alimchora binti yake akiwa na miaka ishirini, wakati binti mwenyewe alikuwa na kumi na mmoja na mapengo mawili mdomoni.

Karatasi ya mwisho haikusomeka. Alikuwa ameipitia mara nyingi, amefuta, amerudia, mpaka vijifereji vikawa kama ardhi iliyokwanguliwa na kuku. Niliona ngazi. Niliona mtu. Basi.

Niliogopa, na sina haya kusema hivyo. Lakini jambo moja nililijua. Penye karatasi ya kulalia ilikuwepo ya kuchorea. Mahali fulani kulikuwa na kurasa kumi na tisa ambazo sikuwahi kuletewa nizitie wino. Kwenye safu ya wasomaji nikaweka mistari miwili: mwenye michoro ya marehemu ambayo haijawahi kuchapishwa, tafadhali afike ofisini, aulizie Bibi Wino.

Penseli sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Nilianza tu kumfuata hata akienda kununua kifutio, mpaka akaniuliza kama nimemfungulia kesi.

Siku ya sita akaja mzee mmoja, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, amebeba bahasha kubwa ya kaki kwa mikono miwili jinsi mtu anavyobeba mtoto mchanga. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Wanusu wenzake, alisema, wanamwita Mkusanyaji, kwa kuwa ana kila toleo tangu la kwanza. Alikuwa ametuandikia barua kila mwezi miaka yote ile na hatukuchapisha hata moja. Alilisema hilo bila kinyongo, ila alilisema.

"Kaka yako alinipa hizi wiki moja kabla hajafariki," akasema. "Akaniambia, wewe ni mtu wa kutunza, tunza. Usimwonyeshe mtu mpaka uulizwe. Nikamwuliza, mbona kumi na tisa na hadithi zako huwa na kurasa ishirini? Akasema ya ishirini ananiletea mwenyewe."

"Na hukuwahi kuuliza ni za nini?"

"Shabiki haulizi, dada yangu. Shabiki anasubiri."

Tulizipanga mezani. Ilikuwa ni hadithi nzima, isiyo na fundi ndani yake, ya msichana tu anayekua siku hadi siku. Nilipitisha macho haraka kwenye nilizozijua nikafika kwenye ya kumi na tisa. Ngazi ilikuwa yetu, ngazi ya jengo hili, pale inapokata kona kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ambapo pana ufa ambao mwenye jengo amekuwa akiahidi kuuziba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kwenye picha ufa ule ulikuwa umepanuka, na vipande vya zege viko hewani. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika kumi. Penseli amesimama juu ya ufa, mtandio kichwani, kurasa kwapani. Na ngazi moja chini yake yupo mzee, vifungo mpaka shingoni, amemshika mkono wa gauni.

Mkusanyaji aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Kaniweka," akasema. "Hii nimeitazama miaka yote nikadhani ni mzee yeyote tu. Si nilikuwa sijazeeka bado. Kaniweka ndani."

Mimi nilikuwa natazama saa yangu ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika tano. Penseli alikuwa amepanda ghorofa ya nne tangu adhuhuri kuskani kurasa, na asubuhi ile alijitanda mtandio wa kijani. Nilimpigia simu. Ikalia hapohapo chumbani, juu ya meza yake.

Nilisimama, goti likanirudisha kitini. Kutoka hapa ghorofa ya pili mpaka ya nne kwangu ni safari ya nusu saa na mapumziko.

"Kaa," akasema Mkusanyaji. "Mimi nakwenda."

"Mwalimu, umeona hiyo picha. Umo."

"Ndiyo maana nakwenda. Angalia mkono wangu ulipo. Mimi ndiye ninayemvuta. Nisipokwenda, atakuwa pale peke yake."

"Basi mkute kabla hajatoka. Mwambie asishuke. Mwambie nimesema abaki hukohuko."

Alijinyoosha shati kama mtu anayeitwa kupiga picha ya harusi, akatoka. Nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi, si kwa haraka wala si kwa kusuasua.

Nikabaki na kurasa kumi na tisa na nafasi tupu mezani ya ukurasa wa ishirini. Kila alichochora kaka kilikuwa kimekuja. Huu hakuuchora. Labda alishindwa kuuchora, labda ndio uliomsimamisha moyo, sijui, nami sitaki kujua. Nilijua kitu kimoja, kwamba hadithi isiyo na ukurasa wa mwisho hujimalizia yenyewe, na kwa kawaida hujimalizia vibaya. Nikavuta karatasi safi.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kuweka mstari mahali pasipo na penseli ya mtu mwingine. Sikuwahi kuamua mlango ukae wapi. Nilimwaga wino mezani, na sikuufuta, hapakuwa na muda. Nilichora mlango wa chini wa jengo, ule wa barabarani. Nilimchora Penseli anatoka, vumbi limejaa kwenye mtandio, miwani imekaa upande, mdomo wazi anatafuta hewa. Nikamchora mzima. Nilihesabu vidole vyake, vitano na vitano. Nilimwekea viatu vyote viwili. Nikamwekea kivuli chake chini, maana mtu mzima ana kivuli. Nilipoinua kalamu ilikuwa saa kumi na dakika tisa, na kama nimewahi kuomba kwa dhati ni dakika ile moja.

Jengo lilitikisika mara moja, likatoa sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Kisha vumbi likaingia chini ya mlango.

Nilijikokota mpaka dirishani. Chini, barabarani, watu walikuwa wanakimbia kurudi nyuma. Na mlangoni akatoka mwanangu, vumbi mtandioni, miwani upande, mdomo wazi. Alisimama vilevile nilivyomsimamisha. Hata kivuli chake kiliangukia upande nilikokiweka. Nililia kwa sauti, mimi ambaye sikulia hata mazikoni kwa kaka, nikampigia kelele kutoka dirishani asirudi ndani, abaki hapohapo.

Kisha nikaendelea kuutazama mlango, nikimsubiri mwalimu.

Sijui nilisubiri muda gani. Vumbi lilitulia. Watu walijaa, wengine wakatoka, mlango ukabaki wazi. Hapo ndipo nilipogeuka kuutazama ukurasa wangu ukiwa bado unang'aa wino mbichi, nikaona nilichokifanya.

Msichana alikuwa peke yake. Sikumchora mzee. Sikumwacha kwa makusudi, Mungu shahidi yangu. Mtia wino hahesabu watu. Mchoraji ndiye anayekumbuka nani aliingia na nani anapaswa kutoka, mimi nafika nawakuta wote wameshasimama mahali pao. Mchoraji wa mwezi mmoja asingefanya kosa lile. Mimi nililifanya, na maji yakimwagika hayazoleki.

Penseli aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyemletea ujumbe kule juu, na kwamba alikuwa anashuka, amefika kwenye kona, akasikia sakafu inaguna. Mtu akamvuta mkono wa gauni kwa nguvu, akashuka ngazi sita kwa mkupuo, na kona ikaanguka nyuma yake.

"Nani alikuvuta?"

"Niligeuka kumwangalia, Shangazi. Hapakuwa na mtu."

Wazima moto walichimbua kifusi siku mbili. Hawakupata mwili, hawakupata kiatu, hawakupata kifungo. Nikautoa ukurasa wa kumi na tisa nilipoufungia. Ngazi iko, saa iko, Penseli yuko. Mkono wa gauni lake umevutika mbele mpaka mshono unafumuka, na hakuna anayeuvuta. Pale alipokuwa mzee pana karatasi nyeupe. Nimepaka penseli laini juu yake. Haina hata kijifereji.

Siku ya nne alikuja mke wake. Mama mfupi, mkoba mweusi, sauti ya chini. "Alisema anakuja kwenu," akaniambia, "akaniaga kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake." Ningeweza kumdanganya. Nilimkalisha nikamweleza kila kitu, tangu karatasi za kulalia mpaka wino wangu, nikamwonyesha kurasa zote mbili, nikamwambia mume wako nilimsahau mimi. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi angenitukana.

Aliweka kidole kando ya mlango niliouchora. "Hapa pana nafasi," akasema. "Mchore na yeye atoke."

"Nilishajaribu, mama."

Na kweli nilikuwa nimejaribu, jana yake. Nilimchora kwa kukisia, mzee mwenye shati la vifungo, anatoka mlangoni. Kesho yake asubuhi mzee akatoka mlangoni. Nilimwona kutoka dirishani. Vifungo vilikuwa mpaka shingoni. Alisimama barabarani, akatazama huku na huku kama aliyesahau anakokwenda, kisha akaanza kutembea, na sura yake haikuwa ya mwalimu. Haikuwa ya mtu yeyote. Tangu hapo sijathubutu kukisia. Nilikaa naye karibu saa nzima na uso wake siukumbuki, maana mimi huangalia mistari, na siku ile nilikuwa naangalia saa.

"Nipe picha yake," nikamwambia mama. "Yoyote."

Hakuwa nayo. Mwalimu alikusanya picha za watu wengine tu, yeye mwenyewe hakupenda kupigwa. Hata ya harusi alikuwa amegeukia pembeni.

Kwa hiyo sasa anakuja kila asubuhi. Anakaa kwenye kiti cha kaka, mkoba mapajani, ananieleza mume wake, nami nachora. Penseli hukaa katikati yetu na kunirekebisha, maana kwa nyuso yeye ni mwalimu wangu. Masikio tuliyapata siku ya kwanza, makubwa kidogo, la kushoto limekunjika juu. Pua ilituchukua wiki. Mdomo aliueleza kwa kuuonyesha kwa mdomo wake mwenyewe, na hapo tulicheka wote watatu, mara ya kwanza tangu siku ile. Mhariri anataka kuchapisha. Nimemwambia atakayeugusa ukurasa huo kabla haujakwisha nitamvunja vidole.

Leo tumefika kwenye macho. Nilichovya kalamu nikasubiri. Mama alifumba yake, akafikiri, akafumbua, akafumba tena. Miaka thelathini na sita walikuwa wameishi nyumba moja. Kisha akanishika mkono uliokuwa na kalamu, akaniambia polepole kwamba jana usiku alikuwa bado anayakumbuka, ila leo hayamjii tena.